Nitawafundishaje wenzangu tiba ya mazungumzo na foleni imefika nje?

Sista wa Kondele: Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni muuguzi kwenye kliniki ya VVU hapa Kisumu. Tulipelekwa semina ya siku tatu ya stadi za tiba ya mazungumzo, na sasa nimeambiwa niwafunze wauguzi na matabibu wenzangu. Jumanne nilishuhudia jambo ambalo halinitoki moyoni. Mama mmoja aliketi, kadi ameikunjakunja mkononi hadi imelowa jasho, akasema, "Sista, siku hizi silali." Mwenzangu, tuliyehudhuria naye semina hiyo hiyo, hakuinua macho kwenye faili. "Dawa unameza vizuri?" Mama akasema ndiyo, akaenda zake. Mwenzangu hana roho mbaya, ila nje kulikuwa na watu kama 40. Nianzie wapi?

Tabibu Nakuru: Pole dada. Weka slaidi kando. Hakuna aliyejifunza kushona kidonda daftarini. Sisi tunafanya maigizo kila Ijumaa kabla kliniki haijafunguliwa: mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, wa tatu anatazama. Stadi moja kwa wiki. Tulianza na hii: mgonjwa akisema jambo, mrudishie kwa maneno yako, kisha nyamaza. Kunyamaza kulitushinda! Kila mtu alikimbilia "usijali, Mungu yupo."

Mama Nyalenda: Na asikwambie mtu kwamba haiwezekani bila mwanasaikolojia. Kule Zimbabwe, kazi ya tiba ya mazungumzo aliyoianzisha daktari wa akili, Dr. Dixon Chibanda, mwaka 2006 inafanywa na akina nyanya, kwenye benchi nje ya zahanati. Hapa kwetu, Problem Management Plus, tiba fupi ya mazungumzo ya Shirika la Afya Duniani (WHO), vikao 5 tu, ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili, na walioiendesha walikuwa wahudumu wa jamii. Lakini hawakuachiwa cheti na kusahauliwa. Walikuwa na msimamizi wa kukaa nao na kupitia kazi yao. Hilo ndilo la kuombea bajeti, si semina nyingine.

Mshauri Kakamega: Kuhusu foleni, anzeni na maswali 2 ya kwanza ya PHQ-9, dodoso la maswali 9 la kupima sonona (depression): kwa wiki 2 zilizopita, amekosa hamu ya mambo? Amekuwa na huzuni au kukata tamaa? Akikubali, endelea na 7 yaliyobaki. La 9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Tafadhali, msimfunze yeyote kuliuliza kabla hamjakubaliana ni nani atampokea mgonjwa akijibu ndiyo, siku hiyo hiyo. Halafu sikilizeni lugha. Mama wa Kisumu huenda asitaje sonona kamwe. Atasema ana *parruok*, yaani mawazo mengi kwa Kijaluo, au kifua ni kizito, au halali.

Tabibu Nakuru: Kweli kabisa. Na swali la dawa halikuwa kosa, dada, lilikuja mapema tu. Huzuni ikizidi, hata ARV huachwa.

Sista wa Kondele: Asanteni sana, nimeyaandika yote. Matroni amekubali Ijumaa saa moja na nusu asubuhi, chumba cha kupimia presha. Yule mwenzangu ndiye atakayeigiza mgonjwa. Mama wa Jumanne anarudi kuchukua dawa mwezi ujao, lakini sitasubiri. Nampigia simu leo jioni.