Mrejesho: ukoka uliogoma kutambaa

Wakuu, Novemba niliwauliza kwa nini ukoka wangu hapa Kigamboni umegoma kutambaa, miezi minne vishina viko palepale kama nimevipanda jana. Wengi mlisema mbolea. Nikaweka, wapi! Aliyeniambia nichimbe ndiye aliyepatia: sentimita tano tu chini nikakuta kifusi cha mafundi, vipande vya zege na saruji iliyoganda. Shina likitambaa halina pa kushushia mizizi. Nimetoa toroli tisa (mgongo bado unanidai), nikajaza udongo mweusi na samadi iliyooza, masika yalipoanza nikapanda upya. Sasa umefika ukutani. Chini ya mwembe tu ndipo umekataa, ukoka na kivuli haviivi. Pale namwaga kokoto.