Stelingi akiuawa mwishoni mwa msimu, mnaamini?

Swali
Watazamaji wenzangu, tumekua tukiambiwa kwamba stelingi hafi. Hata hivyo, Juni 2015, msimu wa tano wa tamthilia ya Game of Thrones ulipofungwa kwa Jon Snow, kamanda wa kikosi cha walinzi, kuchomwa visu na askari wenzake na kuachwa akivuja damu juu ya theluji, nilikaa miezi mingi bila uhakika. Je, ninyi huamini kifo cha namna hiyo, au hungoja tu kuona atakavyonusurika?

Jibu la kwanza
Sikuamini hata kidogo, ingawa Kit Harington, mwigizaji wa Jon, mwenyewe alitangaza kwamba mhusika wake amekufa na harudi. Melisandre, kuhani wa kike mwenye uchawi, alikuwa amerejea Castle Black, ngome ya Jon, muda mfupi kabla ya mauaji yale, na tangu msimu wa tatu tulikwisha kumwona Thoros, kuhani wa mungu yuleyule, akimfufua mpiganaji Beric. Mwandishi makini haweki mambo kama hayo bure, na Mei 2016 Jon alifumbua macho.

Jibu la pili
Ndugu yangu, kwa heshima zote nakupinga. Tamthilia hiyohiyo ilimkata kichwa Ned Stark mwaka 2011, katika sehemu ya tisa ya msimu wa kwanza, wakati wengi wetu tulikuwa tumemshika yeye kuwa ndiye shujaa na tulitarajia kuokolewa kwake mpaka upanga uliposhuka. Baada ya hapo, kila kisu kilitutia hofu ya kweli. Mtazamaji huamini kifo pale ambapo waandishi wamekwisha kuthibitisha kwamba wanaweza kuua.

Jibu la tatu
Nakubaliana na aliyetangulia, nami naongeza kwamba imani hiyo huharibika upesi. Katika The Walking Dead, tamthilia ya wafu wanaotembea na kula watu, Oktoba 2015, Glenn, mmoja wa wahusika wakuu, alianguka katikati ya wafu hao, tukaona matumbo yakiraruliwa, na jina la mwigizaji wake, Steven Yeun, likaondolewa kwenye utangulizi wa kipindi. Wiki chache baadaye akaonekana mzima, amejificha chini ya pipa kubwa la taka. Huko ni kumlaghai mtazamaji, na ndiyo maana alipouawa kweli mwaka 2016 machozi yangu yalichanganyika na hasira. Jon naye alirudi, lakini kifo chake kilihesabika: aliwanyonga waliomuua, kisha akaacha ukamanda kwa sababu kiapo chake kilikuwa cha kulinda hadi kufa, naye alikuwa amekufa.