Naomba ushauri: nataka mkataba wa kudumu na kiwanda cha plaiwudi

Asalaam aleikum wakubwa kwa wadogo. Nina karakana Malindi, kazi yangu kubwa ni makabati ya jikoni na vitanda vya nyumba za wageni. Plaiwudi nanunua madukani Mombasa, na kila mzigo una sura yake. Unaambiwa milimita 18, ukipima ni 16. Ukikata, ndani kuna mapengo na tabaka zinaachana. Kwa pwani yetu hilo ni balaa. Unyevu unapenya ukingoni, mlango unavimba, bawaba zinang'oka. Mteja hakijui kiwanda, ananijua mimi.

Sasa kuna kiwanda cha bara kiko tayari kuniuzia moja kwa moja. Nataka tuwe watu wa miaka, si wa mzigo mmoja. Nitaanza na bodi chache, nichemshe kipande nione gundi inashikaje, ndipo tuandikiane.

Wenye uzoefu, bei mnaifunga kwa miezi mingapi? Bodi mbovu zikifika, lori la kuzirudisha analipa nani? Na malipo ya baada ya siku 30, fundi mdogo anakubaliwa bila dhamana?

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni msimu. Aprili hadi Juni wageni hupungua na oda zinashuka. Nikijifunga kuchukua kiwango kilekile kila mwezi nitakwama. Nikikataa, wataniona si mnunuzi wa maana. Kama kuna aliyekubaliana kiwango cha mwaka mzima badala ya mwezi, tafadhali anieleze alivyokipanga.