Njia ya zege kutoka getini na mbele ya fremu za biashara, Dodoma: nifanyeje isipasuke wala kuteleza?

Mkazi_wa_Kisasa

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijampa fundi hela ya vifaa. Nataka kumwaga njia ya zege kutoka getini hadi barazani, urefu mita 18 na upana mita 1.2. Watapita watu, pikipiki na toroli tu. Pembeni ya geti kuna fremu mbili, mojawapo ni duka la dawa, na mbele yake nataka zege la mita 6 kwa 3 ambapo bajaji na gari dogo vitasimama. Sakafu ya fremu iko juu ya ardhi kwa sentimita 30, na kwa sasa wateja wanapandia matofali yaliyopangwa.

Udongo wangu ni mwekundu wa kichanga, ila karibu yote mbele ya fremu, kama mita 5 kwa 3, ni udongo mweusi unaofanya nyufa kubwa wakati wa kiangazi. Fundi anasema zege inchi tatu linatosha kote, BRC (wavu wa nyaya za chuma) ilazwe chini, juu apige niru (saruji laini ya kung'arisha uso) ipendeze, na hakuna haja ya kukata viungo (mikato ya kugawa zege vipande) kwa sababu BRC inazuia nyufa. Majirani wawili walifanyiwa hivyo hivyo na njia zao zimepasuka kabla ya mwaka kuisha. Tatizo liko wapi hasa, na mimi niandae nini?

Jamvi_Imara

Mkuu, tatizo linaanzia chini, kabla hata mfuko wa saruji haujafunguliwa. Zege la njia halining'inii, linalala. Kama kinachobeba kinazama upande mmoja, litapasuka hata ukiongeza saruji maradufu.

Udongo mwekundu wa Dodoma unadanganya. Ukiwa mkavu jembe linadunda, kwa hiyo mafundi wengi huona hauhitaji kushindiliwa. Ukilowa, chembe zake zinasogea na unashuka. Kwa hiyo chimba sentimita 20 kwa njia ya watu, ondoa mizizi na udongo wa juu wenye takataka, kisha umwagilie jioni ili kesho yake ushindilie ukiwa na unyevu wa kiasi. Kipimo cha unyevu ni rahisi: finyanga tonge kwenye kiganja, liachie kutoka usawa wa kiuno. Likivunjika vipande vichache, uko sawa. Likisambaratika kuwa vumbi, ongeza maji. Likibaki bonge lililobonyea, subiri likauke kidogo.

Juu yake weka moramu (udongo wa changarawe wa kushindilia) ya sentimita 10 iliyokwisha kushindiliwa, itokeze sentimita 10 kila upande wa njia. Nunua moramu zaidi kwa karibu theluthi ya hesabu yako, maana inapungua ikishindiliwa. Kodi mashine ya kushindilia, hata kwa nusu siku. Gogo la mkono linafaa kwenye kona tu.

Sasa ule udongo mweusi. Huo unavimba ukilowa na kunywea ukikauka, na nguvu yake ya kuvimba inanyanyua bamba jepesi bila shida. Uchimbe sentimita 40 chini ya usawa wa msingi wa zege, uutoe nje kabisa ya eneo (usiutandaze pembeni), rudishia moramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe peke yake. Usirudishie mchanga mtupu wala kifusi cha matofali. Mchanga unageuka bwawa chini ya zege na kulisha maji ule mweusi uliobaki. Ukikuta unaendelea hadi mita moja na zaidi, sehemu hiyo mimi ningeweka pevingi (vitofali vya zege vya kupanga), kwa sababu zikinyanyuka unazitoa, unasawazisha na kuzirudisha. Zege likinyanyuka unavunja.

Kuhusu inchi tatu: ukitoka inchi nne kwenda tatu unaokoa robo ya zege, lakini uwezo wa bamba kuhimili kupindwa unashuka kwa zaidi ya asilimia 40. Weka sentimita 10 kwenye njia na 15 pale penye magari.

Koleo_na_Mwiko

Naongezea vipimo, maana hapo ndipo hela inapotea.

Tumia mchanganyiko wa 1:2:3, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu. Wengi hutumia 1:2:4 na kwa jamvi (sakafu ya zege) la ndani unafaa, lakini njia ya nje inapigwa jua, maji na msuguano, na tofauti ni kama mfuko mmoja tu kwa kila mita ya ujazo. Kwa 1:2:3, mita moja ya ujazo inakula mifuko 7 na nusu hivi ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.5 na kokoto karibu 0.8. Njia yako ni mita za ujazo 2.16, ya magari ni 2.7. Ukiweka na upotevu, nunua mifuko 40, mchanga mita za ujazo 2.7 na kokoto mita za ujazo 4.3.

Mfuko mmoja una ujazo wa takriban lita 35. Kwa hiyo kila mfuko: mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20, kokoto ndoo tano na robo. Usikubali kipimo cha koleo au toroli lililojazwa kwa macho, kila saidia fundi ana mkono wake. Afadhali mpige sanduku la mbao lisilo na kitako, ndani sentimita 33 kwa 30 na kina 35. Hilo ni sawa na mfuko mmoja, mnalijaza na kulinyanyua.

Maji ni lita 25 kwa mfuko, pamoja na unyevu uliomo mchangani. Hapa ndipo zege nyingi zinapouawa: fundi akiona zito anaongeza ndoo nzima ili liteleze lenyewe. Maji yanayozidi yanakauka na kuacha vitundu, uso unakuwa dhaifu, na miezi michache baadaye ukifagia unapata vumbi la saruji. Zege la njia likirundikwa kwa koleo linakaa kama kilima na kushuka taratibu. Likitiririka, limeshaharibika.

Mchanga wa makorongo yetu mara nyingi una udongo. Tia mchanga kwenye chupa angavu hadi kimo cha milimita 100, jaza maji na chumvi kijiko, tikisa, acha kwa saa tatu. Tope litakalotulia juu ya mchanga likizidi kama milimita 6, uoshe mchanga huo au uurudishe. Kokoto nazo zikija na vumbi jeupe zimwagiwe maji kwanza, vumbi hilo linazuia saruji kushika jiwe. Na maji ya kisima yenye chumvi msiyatumie palipo na BRC, chuma kitaliwa.

Mwambie saidia fundi avae buti na glavu. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, mtu anagundua jioni wakati magoti yameshachubuka.

Mkazi_wa_Kisasa

Ahsanteni sana, hii imenifungua macho. Maswali mawili. Kama BRC haizuii nyufa, kazi yake nini? Na nimepanga kumwaga Septemba ili mvua zikute kazi imeisha. Kuna shida na upepo wa miezi hiyo?

Jamvi_Imara

BRC haizuii ufa kutokea, inaubana usifunguke. Na inafanya hivyo ikiwa ndani ya zege. Ile ya kulazwa chini kisha "tutaivuta kwa reki wakati wa kumwaga" inabaki chini, imegusana na udongo, inashika kutu. Kwenye njia ya watu achana nayo kabisa, hela hiyo peleka kwenye moramu na mashine. Palipo na magari weka A142, yaani waya wa milimita 6 kila sentimita 20, ikae sentimita 5 kutoka uso wa juu. Kwa zege la sentimita 15 inabidi inyanyuliwe kama sentimita 9 au 10, kwa hiyo biskuti (vipande vya zege vya kunyanyulia chuma) za kawaida ni fupi, pinda viti vya nondo kila baada ya sentimita 80 hivi.

Zege linanywea linapokauka, hilo halina mjadala. Litapasuka tu, unachochagua ni mahali. Ndiyo maana tunakata. Njia yako ya mita 1.2 ikate kila mita 1.5, utapata vipande 12 vinavyokaribia mraba. Kina cha mkato ni robo ya unene: milimita 25 kwenye njia, karibu 40 kwenye maegesho, ambako mkato mmoja katikati unatosha kupata vipande viwili vya mita 3 kwa 3. BRC iishie sentimita 5 kabla ya mkato kila upande, isiuvuke. Mkato wa milimita 5 uliochorwa kwa mwiko kama urembo hausaidii chochote, ufa utapita kando yake.

Ukikata kwa grinda, fanya hivyo mara zege linapohimili diski bila kung'oa kokoto. Kwa jua la Dodoma ni kati ya saa 6 na 12 tangu kumwaga, usingoje kesho kutwa. Vumbi lake ni la mawe ya granaiti na linaharibu mapafu, mkataji avae barakoa inayobana. Njia isiyohitaji mashine: kabla halijashika, zamisha kipande chembamba cha mbao kilichopakwa oili, kitoe likianza kukaza.

Zege linapokutana na ukuta wa nyumba, nguzo au chemba, weka utengano wa milimita 10. Lile povu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya friji linafaa, baadaye unalichimbua juu na kujaza lami. Bila hivyo bamba linasukuma ukuta na kupasuka kwenye kona.

Septemba inawezekana, ila upepo mkavu ndio adui. Unakausha uso kabla maji ya ndani hayajapanda, na unaona nyufa fupi zinazolingana upande mmoja ndani ya saa mbili tatu za kwanza. Anza kumwaga saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Lowesha moramu kwanza isinyonye maji ya zege, lakini madimbwi yasiwepo. Simamisha turubai upande unaotoka upepo. Kila kipande kikisawazishwa kifunike kwa nailoni, kifunuliwe wakati wa kumalizia tu.

Kisha siku 7 za kumwagilia, na 10 ni bora. Magunia yaliyolowa na nailoni juu yake. Kumwagia mara moja asubuhi na kuacha jua lipige mchana hakufai. Hesabu na maji: kuchanganya mifuko 40 kunamaliza simtenki la lita 1,000, kwa hiyo la kumwagilia liwe lingine, hasa kama mtaani kwenu maji yanakuja kwa mgao.

Njia_kwa_Wote

Naomba tuangalie hiyo fremu ya duka la dawa, maana wateja wake ni wagonjwa, wazee, mama wenye watoto mgongoni. Niru hapana. Ikilowa inateleza, na wale wanaonyunyizia saruji kavu juu ili ing'ae wanatengeneza ngozi nyembamba inayobanduka. Subirini maji yaliyopanda yakauke yenyewe, pigeni fratasi (kibao cha kusawazishia) ya mbao, halafu vuteni ufagio mgumu kukatisha njia, mistari iwe mkingamo na mwendo wa mtu. Inashika vizuri na inapendeza ikinyooka.

Kwa kimo cha sentimita 30, mteremko wa kiti cha magurudumu usizidi 1:12, yaani urefu wa mita 3.6. Ukiushusha moja kwa moja kwenda mbele hautoshi kwenye mita 3 ulizonazo. Uelekeze sambamba na ukuta wa fremu: mita 3.6 za mteremko na mita 1.5 za jukwaa tambarare mlangoni ni mita 5.1, inaingia kwenye mita zako 6. Upana mita 1.2, ukingo ulioinuka sentimita 10 upande wa nje ili gurudumu lisichomoke, na bomba la kushikilia kwa kimo cha sentimita 90. Hapo maegesho yanabaki na mita 1.8, ni finyu kwa gari. Kama kiwanja kinaruhusu songa mbele, lakini thibitisha mpaka kwanza usije ukamwaga kwenye hifadhi ya barabara au kuziba mtaro.

Mteremko huo ukijazwa kifusi dhidi ya ukuta, unyevu utapanda na chumvi italipua plasta ya fremu. Paka lami ukutani na weka nailoni nzito kabla ya kujaza. Vivyo hivyo na njia inayogusa nyumba, iwe chini ya usawa wa sakafu kwa angalau sentimita 15.

Koleo_na_Mwiko

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni maji ya mvua. Mvua zetu ni chache lakini zinakuja kwa kishindo, na kichanga kinachimbika upesi. Ipe njia mwinamo wa sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na nyumba: kwa upana wako tofauti ya mbao mbili za pembeni ni sentimita 2.4, pimeni kwa pima maji na kipande cha mbao chenye unene huo, msikadirie. Upande wa chini ongeza ukingo mnene, upana sentimita 15 na kina 20 kutoka uso wa juu, umwagwe pamoja na bamba, kisha panga mawe nje yake. Bila hivyo maji yanakula udongo chini ya ukingo, unabaki wazi, na pikipiki ya kwanza kukanyaga inaumega.

Kabla ya kumwaga pitisha bomba mbili za PVC za inchi 4 chini ya njia, moja karibu na geti na moja karibu na baraza, ziba midomo yake na tia alama ukutani. Siku ukitaka taa ya geti au laini nyingine ya maji hutavunja zege. Watu wapite baada ya siku mbili, toroli tupu baada ya wiki, na gari lisiguse maegesho kabla ya siku 28.