Tupeane uzoefu: changarawe za bustani zilizomezwa na magugu

Mkaazi wa Nyali
Salaam aleikum na hamjambo nyote. Leo asubuhi nimeona lori nje ya nyumba ya jirani, vijana wanapakia mawe meupe ya bustani, yale ya mviringo, pamoja na nyasi na udongo wake, yakatupwe jaani Mwakirunge. Mawe yenyewe mazima! Roho imeniuma. Kila mwenye changarawe mbele ya baraza anaijua hali hii: mwanzo zang'ara, kisha ukoka unachungulia pembeni, kisha ndago inatawala na mawe huyaoni tena. Waliowahi kuyafufua waseme walifanyaje. Ya kwetu tuliyasafisha na mpaka leo ni meupe. Nitaeleza, lakini kwanza nyinyi.

Mama Tudor
Ndago! Umelitaja lile jina na mgongo umeanza kuniuma.

Kijana wa Mtwapa
Mng'oe tu jamani. Magugu ni magugu.

Mama Tudor
Mng'oe tu? Mwanangu, wewe hujaishi na ndago. Hebu nikwambie. Nyumba tuliyokuwa tumepanga ilikuwa na changarawe kutoka getini hadi mlango wa jikoni. Mwenye nyumba akasema zisafishwe au tukatwe pesa za dhamana. Basi akaletwa mtu na jembe, mwezi wa tano, mvua kubwa yenyewe. Kila akipiga jembe mawe yanazama kwenye tope na ndago inakatika juu, mzizi unabaki. Jioni pale mahali palikuwa kama shamba la mpunga. Mawe meupe yamekuwa kahawia, nusu yamedidimia, watoto wanaingiza matope hadi chumbani. Siku chache baadaye ndago ikatoka tena, tena nyingi kuliko mwanzo, maana ile chini ina vitunguu vidogo vyeusi vimeunganishwa kwa nyuzi, ukikata uzi kila kitunguu kinaota peke yake. Nililia, wallahi. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, kwa sababu ya mawe. Pesa za dhamana hatukuziona.

Shangazi Mkomani
Pole dada. Ndago ni hivyo hivyo.

Fundi Kisauni
Mama Tudor umesema neno ambalo wengi hawalijui: usiguse changarawe wakati wa mvua. Kazi hii ni ya kaskazi, mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, udongo umekauka unamong'onyoka wenyewe kutoka kwenye jiwe. Mimi nafanya hivi. Nafyeka majani yaliyo juu kwanza. Kisha nachota mawe kwa beleshi, na udongo wake, kipande kidogo kidogo, namwaga juu ya wavu ule wa mafundi wa kuchekechea mchanga, umeegemezwa kwenye miti miwili. Matundu yawe madogo kuliko jiwe lako. Udongo, mbegu na vitunguu vya ndago vinapita chini, mawe yanateremka mbele. Mawe sasa ndiyo yanaenda kwenye karai la maji, si kabla. Wengi wanaanza na maji, wanapata uji.

Ule udongo uliopita usirudishe! Una ndago. Utandaze juani juu ya turubai, mwembamba, mpaka vile vitunguu vikauke kabisa vinyauke. Ndago inavumilia mengi lakini kukauka haivumilii.

Kijana wa Mtwapa
Na si afadhali kununua mengine tu?

Fundi Kisauni
Piga hesabu. Ua wa mita 10 za mraba, changarawe kina cha sentimita 5, hiyo ni nusu mita ya ujazo. Uzito wake ni kama kilo 750. Ulipie mawe, ulipie usafiri, ulipie wa kubeba ya zamani, na magugu yatarudi vilevile kwa sababu hujabadilisha kilichoyaleta.

Mzee Likoni
Mnajisumbua bure. Mie miaka yote namwaga maji ya chumvi. Ndoo ya bahari, mwaga, basi. Hakuna kinachoota.

Shangazi Mkomani
Hakuna kinachoota kweli, mzee wangu, pamoja na asmini yangu! Jirani yetu alisikia ushauri kama huo akamwaga chumvi kando ya ukuta wetu. Mlangilangi wa marehemu mama yangu, mti uliokuwa ukinukia mpaka njiani, ulianza kukauka ncha za majani, kisha matawi, kisha wote. Chumvi haikai pale ulipoimwaga. Mvua inaichukua.

Mzee Likoni
Huo mti ulikuwa mzee. Usiisingizie chumvi.

Shangazi Mkomani
Samahani mzee, nakuheshimu, lakini mti ule naujua tangu nikiwa mtoto. Na visima vyetu hapa vyenyewe vina chumvi ya kutosha, nyinyi mnaongeza nyingine juu. Maji yakishuka yanakwenda wapi?

Mzee Likoni
Yanakwenda baharini yalikotoka.

Mama Tudor
Yapitie kwanza kisimani kwa jirani. Mie niko na Shangazi.

Kijana wa Mtwapa
Kwani siki je? Nimesikia siki inaua magugu na kung'arisha mawe kwa pamoja.

Fundi Kisauni
Siki inaunguza majani, mizizi ya ndago inakusubiri uondoke. Na kwa mawe, angalia kwanza ni jiwe gani. Zile kokoto nyeupe nyingi ni marumaru au chokaa. Tone la siki au ndimu juu yake, likitoa povu, ujue asidi inalila jiwe lenyewe. Lile la mto gumu lisilotoa povu halina neno.

Binti Ganjoni
Mmetaja asidi na povu, sasa lazima niseme. Yaliyotokea nyumbani kwa ami yangu siwezi kuyasahau.

Ilikuwa wiki ya arusi ya dada yangu. Ami ana ua mdogo mbele wenye mawe meupe, na mvua zilikuwa zimeyafanya ya kijani, yameota ukungu wa maji na vijinyasi. Akasema wageni hawawezi kupokewa hapo. Akaletwa kijana wa kazi. Ndani sisi tunapakwa hina, jikoni sambusa zinakaangwa, bibi amejilaza kwenye mkeka karibu na mlango wa uchochoro, apate upepo. Kule uchochoroni, baina ya nyumba na ukuta, ndiko kijana alikoweka karai zake. Alianza na asidi ya choo. Mawe yakachemka povu jeupe. Akaona bado kuna kijani, akachukua ile dawa ya klorini ya nguo nyeupe akaimimina juu yake, karai lile lile.

Tulisikia kwanza harufu, ile ya dawa ya madoa lakini kali mara nyingi, kama kitu kinachokushika koo kwa mkono. Kisha kijana akaingia akiyumba, macho yamefumba, hawezi kuvuta pumzi. Nyuma yake hewa ya rangi ya manjano iliyoelekea kijani inatambaa chini, chini kabisa, inaingia mlangoni. Na bibi amelala pale chini! Sisi tuliosimama tunakohoa tu, yeye aliyekuwa kwenye mkeka ndiye aliyeivuta yote. Kaka zangu walimnyanyua na mkeka wake wakampitisha mlango wa mbele. Mie hina mbichi mikononi, nimemshika bibi, nguo zake zote zikawa na alama zangu. Hospitali walimwekea oksijeni, yeye na yule kijana. Daktari alituuliza tu: mmechanganya nini na nini?

Mama Tudor
Subhanallah! Bibi alipona?

Binti Ganjoni
Alipona, alhamdulillahi. Kikohozi kilikaa naye muda mrefu.

Shangazi Mkomani
Na yule kijana maskini?

Binti Ganjoni
Alilazwa, akatoka. Ami alilipa matibabu yake yote, na hilo ndilo lilikuwa la haki.

Kijana wa Mtwapa
Na arusi?

Binti Ganjoni
Ilifanyika. Bibi mwenyewe alikataa iahirishwe.

Kijana wa Mtwapa
Na alama za hina kwenye nguo za bibi zilitoka?

Binti Ganjoni
Hazikutoka. Anaivaa mpaka leo ile kanga.

Mama Tudor
Mashallah, bibi huyo nampenda na simjui.

Muuguzi wa Changamwe
Naomba hili lisomwe na kila mtu kabla hatujarudi kwenye mawe. Asidi ya choo na dawa ya klorini zikikutana hutoa gesi ya klorini. Siki na dawa ya klorini pia. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana ilitambaa chini ikamfikia bibi. Ikitokea: toka nje, nenda mahali pa juu na penye upepo, usirudi kuchukua kitu. Macho yakiwasha yaoshe kwa maji mengi safi. Kifua kikibana nenda hospitali hata kama unajiona umepata nafuu, maana mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye. Msiwape vijana wa kazi chupa mbili mkawaacha peke yao uchochoroni. Nakasirika kila nikiona hili, kwa sababu anayeumia ni yule aliyetumwa.

Fundi Kisauni
Dada umesema kweli tupu. Na kijani cha mawe hakihitaji hata moja ya hizo. Maji, sabuni kidogo, brashi ngumu au mzungushe mawe kwa mawe ndani ya karai, yanasuguana yenyewe. Kisha tandaza juani. Jua la Mombasa linamaliza kazi.

Mkaazi wa Nyali
Turudi kwenye mawe sasa. Maji mnayapata wapi? Kwetu mfereji unatoka ukipenda.

Mama Tudor
Maji ya lori la boza kuoshea mawe? Hapana. Tumieni ya kisima.

Fundi Kisauni
Ya kisima sawa kwa kuoshea, lakini kama ni ya chumvi suuza mara ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi, ama sivyo jiwe likikauka linaota unga mweupe wa chumvi. Au kinga mvua za vuli kwenye mapipa, uyafunike, mbu wasizaliane. Na maji machafu ya kwanza, yale yenye udongo bila sabuni, mwagia mgomba au mpapai.

Mzee wa Bamburi
Nimewasoma wote. Mnazungumzia kuosha na hakuna aliyeuliza udongo ulitoka wapi. Mawe yaliwekwa bila udongo juu, sivyo? Nendeni Haller Park mkaangalie. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, mweupe, unachoma macho. Mwaka 1971 René Haller akaanza kupanda miti, na uliofanikiwa ni mvinje. Mvinje ukaangusha vijiti vyake, lakini vikawa vinakaa tu, haviozi. Wakaletwa jongoo. Jongoo wakala, kinyesi chao kikawa udongo mweusi, na katika udongo ule miti mingine ikaota mpaka pakawa msitu. Juu ya mwamba!

Sasa ndicho kinachotokea mbele ya baraza lako. Mwarobaini unaangusha majani, bogenvilia inaangusha maua, vumbi la barabara linaingia, wadudu wanafanya kazi yao, na baina ya mawe panakuwa na udongo. Mbegu inaletwa na upepo na ndege, kutoka juu. Pale Bamburi tulilishangilia jambo hilo. Uani kwako huliungi mkono kwa sababu unataka mawe. Basi fagia majani kila siku kwa ufagio wa chelewa, kabla hayajaoza. Hilo tu.

Shangazi Mkomani
Mzee, hili nalihifadhi. Mie nilidhani nailoni iliyotandikwa chini ya mawe ndiyo iliyoharibika.

Mkaazi wa Nyali
Nailoni ndiyo tuliyoikuta kwetu, na ilikuwa nzima! Magugu yalikuwa yameota juu yake, mizizi imetandaa kama mkeka kwenye ule udongo mweusi aliousema mzee. Chini ya nailoni kunanuka, maji yametuama. Tukaitoa. Tukachekecha mawe kama fundi alivyoeleza, tukachimbua ndago, kisha tukaweka kile kitambaa cheusi cha bustani kinachopitisha maji, na ukingo wa matofali ili ukoka wa kando usitambae kuingia. Mawe yakarudi yaleyale, na yalitosha. Tangu hapo ni ufagio, na kinachochomoza nakichomoa kikiwa na majani mawili, hakijashika.

Mzee Likoni
Na mawe yakipungua mtachota wapi? Ufuoni yamejaa.

Mzee wa Bamburi
Hapana, ndugu yangu. Kuanzia Nyali kuja Bamburi ni hifadhi ya bahari, tangu 1986. Matumbawe na makombe ya pale hayaokotwi.

Mzee Likoni
Haya. Hilo nakubali. La chumvi bado.

Shangazi Mkomani
Mzee!

Binti Ganjoni
Fundi, yale mawe ya ami yaliyolika na asidi bado tunayo, yamekwaruza na hayana mng'aro. Yanafaa nini?

Fundi Kisauni
Mng'aro haurudi. Yaoshe vizuri kwa maji mengi, uyatie kwenye shimo chini ya bomba la maji ya kiyoyozi, yasituame. Au chini ya vyungu vya maua. Kwa zege usiyapeleke kama yana udongo hata kidogo, saruji haitashika.

Kijana wa Mtwapa
Fundi, wavu wako unauazima? Niko na changarawe za mama hapa, nimeamua kuzianza kabla ya mvua.

Fundi Kisauni
Njoo Jumamosi uuchukue. Uje na mtu wa kukusaidia kubeba, na glavu, kwenye majani yale kuna tandu.

Mama Tudor
Akimaliza naomba nami. Nimehamia pengine, na ndago nimeikuta inanisubiri.