Wosia, bima, wakfu au mchango wa msibani: tuanze na kipi kwa wafadhili wa Uganda?

Mweka_Hazina_Jinja
Habari za humu ndani. Nachangisha fedha kwa shirika dogo la watoto wenye ulemavu, huku Jinja. Wachangiaji wetu wa kudumu wengi wamestaafu: walimu, manesi, wenye maduka wa zamani wa Main Street. Bodi inataka tuwaombe watukumbuke kwenye mirathi yao, na imenikabidhi mwongozo wa Uingereza ambao nusu nzima ni habari za kodi. Huko kodi ya mirathi ni 40%, na mtu akiachia hisani angalau 10% ya mali yake, kiwango kinashuka hadi 36%. Sisi hatuna kodi ya urithi, kwa hiyo hoja hiyo hapa haina mnunuzi.

Naona njia nne: kifungu ndani ya wosia, bima ya maisha inayotaja shirika kama mnufaika, kutoa ardhi mtu angali hai (wakfu), au mchango wa kumbukumbu msibani. Mngeanza na ipi? Na unaongeaje na mzee bila kuonekana unamsubiri afe?

Wakili_Mdogo
Wosia, bila kusita. Hoja yako ya kuuza iko kwenye marekebisho ya Sheria ya Mirathi ya 2022. Mtu akifa bila wosia, mjane au mgane anapata 20%, watoto na wajukuu 75%, wategemezi 4%, mrithi wa kimila 1%. Jumlisha: mia imetimia, na shirika lako halimo hata kwa shilingi, hata kama marehemu alikuchangieni miaka ishirini.

Epuka kuomba kitu mahususi ("kile kiwanja cha Bugembe"), kwa sababu kiwanja kinaweza kuuzwa kesho kulipia matibabu. Omba asilimia ya kitakachobaki. Mimi huwa naandika hivi:

«Madeni yangu, gharama za mazishi na zawadi zilizotajwa hapo juu zikishalipwa, asilimia tano ya kitakachobaki iende kwa (jina kamili lililosajiliwa na namba ya usajili), au kwa taasisi itakayokuwa imerithi kazi zake. Risiti ya mweka hazina wake itamtosha msimamizi wa wosia wangu.»

Namba ya usajili usiisahau. Majina ya mashirika yetu yanafanana mno, "Hope" kila kona.

Mashahidi wawe wawili, na zawadi aliyoachiwa shahidi au mwenzi wake inabatilika. Mfanyakazi wenu asiwe shahidi hata kama sheria ingemruhusu. Itanuka. Wala msimwandikie mtu wosia wala kumlipia wakili mliyemchagua nyinyi. Mpeni orodha ya mawakili, au mwelekezeni FIDA Uganda (chama cha mawakili wanawake), aende mwenyewe.

Hajati_Kawempe
Wakili umesema vyema, ila nusu ya watu wangu asilimia zako haziwahusu hivyo. Kwa Mwislamu, wasia hauzidi theluthi ya mali na hauendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi. Hiyo theluthi ndiyo nafasi yako, mwanangu. Usimpelekee kipeperushi cha "zawadi ya mirathi", zungumza naye sadaka inayoendelea, atakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Na ile njia ya kutoa mtu akiwa hai msiipuuze. Tazameni kilima cha Kibuli: msikiti, shule na hospitali vimekaa kwenye ardhi aliyoitoa Prince Badru Kakungulu, na aliishi akaviona vikifanya kazi. Mtoaji anafurahia, watoto wake wanajua, hakuna wa kushtuka siku ya wosia kusomwa. Lakini swali la kwanza utakaloulizwa ni nani atakayezuia hiyo ardhi isiuzwe baadaye. Kama huna wadhamini waliosajiliwa na wanaojulikana mtaani, rudi kwanza ukawatafute.

Mzee_wa_Kibanja
Hajati, nakuheshimu, lakini ardhi ni moto. Kuna shirika moja (silitaji) liliachiwa ekari mbili kule Buganda, wakapiga picha, wakamshukuru Mungu. Kumbe marehemu alikuwa na kibanja tu (haki ya kukaa kama mpangaji wa kimila) juu ya mailo (ardhi ya hati ya kudumu) ya mtu mwingine. Mwenye mailo akaja na hati yake, akasema hakuombwa idhini. Kikao kwa LC (baraza la mtaa) kikafuata kikao, kisha mahakama. Kile walichokusudia kujengea darasa kimeishia kwa mawakili. Samahani Wakili 😀

Kabla hujasema asante kwa ardhi, uliza ni mailo, frihodi (umiliki wa kudumu), lizi (ya kukodi kwa muda) au ya kimila. Uliza pia kama familia inaishi hapo, maana ardhi ya familia haihamishwi bila mwenzi kuridhia. Na kama shirika lenu linadhibitiwa na wageni, mailo na frihodi hamwezi kumiliki. Mtapata lizi tu, mwisho miaka 99.

Kwa shirika dogo mimi nasema: pokeeni pesa, ardhi waiuze wenyewe.

Nalongo_W
Nimekuja kwa hili la msibani. Mabugo, yaani michango ya rambirambi, msiyaguse, jamani! Yanaandikwa kwenye daftari jina kwa jina, na familia inayategemea kulipia hema, chakula na jeneza. Ukisimama hapo na bahasha ya shirika utakumbukwa vibaya. Subiri misa ya kumbukumbu au okwabya olumbe (sherehe ya kuhitimisha msiba), tena familia ndiyo ianze. Hela zake ni ndogo, lakini ndipo mtoto wa marehemu anapokujueni kwa mara ya kwanza.

Kuhusu kuongea na wazee: usiombe, alika. Sisi tulimwita wakili aje kwa walimu wastaafu azungumzie wosia kwa jumla, shirika letu likatajwa dakika za mwisho tu. Walijaa, kwa sababu kila mmoja ana jirani ambaye watoto wake wanaburutana kortini kwa nyumba moja. Mama mmoja alinishika mkono mlangoni akasema, "Nnyabo, mimi nilidhani hili ni la wenye magorofa." Huyo ndiye unayemtafuta.

Halafu mwambie aje na mwanawe mkubwa. Mrithi akisikia habari zenu kwa mara ya kwanza wakati wosia unasomwa, atawaona wezi, na mahakama inaweza kuwapa fungu wategemezi waliosahauliwa.

Mweka_Hazina_Jinja
Asanteni sana. Bima je? Mbona hakuna anayeitetea?

Ajenti_Mstaafu
Niliuza bima muda mrefu, nitasema ukweli. Uzuri wake ni kwamba malipo hayangoji mirathi ithibitishwe, na kiasi kinajulikana. Lakini kwa mtu wa miaka 68 ada ni kubwa au anakataliwa kabisa. Akiacha kulipa, mara nyingi hakuna kitu. Na mnufaika anaweza kubadilishwa wakati wowote bila nyinyi kuambiwa. Wauzie watu wa miaka 35 wenye mshahara, wastaafu waache.

Wakili_Mdogo
Naongeza la kodi, maana bodi itauliza. Msaada upo kwa anayetoa akiwa hai: mchango kwa taasisi yenye msamaha wa kodi wa URA (mamlaka ya mapato) unapunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, mwisho 5% ya mapato hayo. Kwa hiyo kama hamna barua ya msamaha, anzeni na hiyo.

Mweka_Hazina_Jinja
Basi naenda na wosia, mkutano wa wastaafu kwanza, ardhi hapana. Bodi inataka lengo la mwaka wa kwanza kwa shilingi. Niwaandikie nini?

Nalongo_W
Sifuri. Wosia hubadilishwa hadi siku ya mwisho, ukiuweka kwenye bajeti umejidanganya. Hesabu watu mliozungumza nao na waliosema wameshaandika. Aliyekwambia ameandika, mshukuru, usimuulize kiasi gani.

Hajati_Kawempe
Na kipeperushi nionyeshe kabla hujachapisha. Nikiona picha ya mshumaa au machweo nakirudisha.