Swichi imezimwa, mbona propela ilipiga?

Kijana wa Maweni, Malindi

Assalaam alaykum wakubwa. Nafanya vibarua kiwanja cha ndege hapa Malindi: kuosha, kusukuma, kujaza mafuta. Kuna mzee mmoja ana ndege ndogo, Piper Cub J-3 ya manjano, injini ni Continental A-65. Haina stata wala betri, huwashwa kwa kuvuta propela kwa mkono, naye amenifundisha. Jana jioni imetua, injini bado moto, akaniambia niilaze propela sawa tufunike turubai. Nikaisogeza kidogo tu. Ikapiga mara moja, pu! Panga la propela likapita mbele ya kifua changu. Swichi ilikuwa imezimwa, nimeiona kwa macho yangu. Huo moto umetoka wapi? Na nikiitwa tena kesho, nishike vipi?

Fundi wa Langoni, Lamu

Wa alaykum salaam mwanangu. Alhamdulillahi, umetuandikia na vidole vyote kumi.

Mimi ni fundi wa mashine za boti, ila nimeitwa Manda mara kadhaa kusaidia ndege ndogo, na ugonjwa wako naujua. Injini hiyo haihitaji betri kwa sababu ina magneto mbili. Ndani ya kila moja mna sumaku inayozungushwa na injini yenyewe, na humo ndimo umeme wa plagi unamozaliwa. Sasa sikiliza vizuri. Swichi ya taa ukiizima, unakata waya. Swichi ya magneto ni kinyume: ukiizima, unaunganisha waya, umeme unapelekwa kwenye bodi ukafie huko. Waya huo ukikatika, swichi itakuonyesha imezimwa na magneto iko hai vile vile.

Mimi ilinipata kwa mashine ya boti niliyoifunga kwenye stendi. Nimezima, nikazungusha gurudumu la juu kwa mkono nisikie kompresheni, ikashika. Ukucha wa kidole gumba ulikwenda. Nilipoufuata ule waya, ganda la nje lilikuwa zima, linang'aa. Nilipolipasua, shaba ndani imegeuka unga wa kijani. Chumvi ya bahari hiyo, na Malindi mnayo kama sisi.

Niambie, mzee aliizimaje?

Kijana wa Maweni, Malindi

Alifunga mafuta, ikafa yenyewe, ndipo akazima swichi.

Fundi wa Langoni, Lamu

Basi ndiyo maana hamkujua. Akifunga mafuta, injini hufa hata kama waya umekatika. Mwambie kwa adabu: injini ikinguruma chini kabisa, azime swichi kufumba na kufumbua, airudishe. Isipotaka kufa, waya mmoja umekwenda. Na akijaribu magneto moja moja kabla ya kuruka, mzunguko wa injini usiposhuka hata kidogo, asifurahi. Watu huona ni dalili ya afya, kumbe ile aliyodhani ameizima bado inafanya kazi.

Na usishangae kuwa uliisogeza kidogo. Ukizungusha polepole ukasikia "kach", hiyo ni springi ya magneto: inajikaza, kisha inajifyatua na kutoa cheche kali hata mkono ukiwa mzito.

Kushika: mtu anayeijua ndege awe kitini, breki amekanyaga, kabari kwenye magurudumu, mkia umefungwa kamba. Bila huyo mtu, kataa, hata akuite mwoga. Ukisema "zima", akujibu "imezimwa" kabla hujagusa. Viganja viwe bapa juu ya panga, vidole visikunjike nyuma yake, maana injini hurudisha teke. Simama karibu, usije ukalala mbele kulifikia. Unapovuta chini, mwili uwe tayari unarudi nyuma. Kikoi, shali, kamba ya shingoni, vyote vikae mbali. Makubadhi pia vua, vaa kiatu kinachoshika ardhi, na fagia changarawe chini.

Mtoto wa Faza, yuko Uingereza

Niongeze moja. Huku nasaidia kwenye Tiger Moth, ndege ya zamani ya Kiingereza, injini yake Gipsy Major, nayo huzunguka upande wa pili. Cub, ukiitazama kutoka mbele, panga hushuka mkono wako wa kushoto. Tiger Moth hushuka kulia. Aliyezoea moja asiiendee nyingine kwa mazoea.

Na injini ikilewa petroli, yaani imejaa mafuta mengi mno haiwaki: swichi zima, akselereta wazi yote, rudisha propela kinyume mizunguko kadhaa. Kisha hakikisha mwenye kiti amerudisha akselereta chini kabla ya kuwasha swichi. Hapo ndipo ndege hukimbia na watu.

Kijana wa Maweni, Malindi

Tumejaribu leo asubuhi. Mzee amezima swichi, injini ikaendelea kana kwamba hakuna aliyeigusa. Alinyamaza kitambo. Waya wa magneto ya kushoto umekatika pale pale kwenye kichwa cha kufungia, umebaki unaning'inia kwa uzi mmoja. Ameagiza waya mpya wa magneto zote mbili, na propela ameifunga kitambaa chekundu hadi zifike.

Fundi wa Langoni, Lamu

Mkifunga hizo waya, rudieni jaribio lile lile kabla hujagusa panga. Nisalimie mzee.